Kutundika Kibao Mji wa Kale wa Lamu: Anza na Ukuta

Mtu anayefungua duka Mji wa Kale wa Lamu hushughulikia kila kitu mapema: kodi, mzigo, rafu, umeme. Kibao cha jina hubaki mwisho. Siku mbili kabla ya ufunguzi anaitwa fundi, anakuja na drili na skrubu zilizobaki kazi nyingine, na baada ya saa moja kibao kiko juu ya mlango. Kukiondoa kwa amri, kuziba mashimo na kuandikiana barua na ofisi huchukua miezi. Sisi tunaoshughulika na majengo haya tumeona mambo hayo yakijirudia vile vile mno, nayo yanazuilika yote, mradi mwenye duka, mwenye nyumba na fundi wakae pamoja kabla tobo la kwanza halijatobolewa.

La kuelewa kwanza ni kwamba kibao cha Lamu kinasimamiwa na pande mbili. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti matangazo ya nje, pamoja na kelele na kero nyingine za umma. Jedwali hilo hilo limeiachia serikali ya kitaifa majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Mji wa Kale ulitangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 1986, na UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001: hekta 16 hivi za nyumba za mawe ya matumbawe, na nje yake ukanda wa kinga. Ukuta ulio ndani ya eneo hilo unalindwa na Sheria ya Makavazi na Urithi ya Kitaifa ya 2006, inayosimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa hiyo ada ya kibao uliyolipa kaunti haikupi ruhusa ya kutoboa ukuta, na barua ya makumbusho haikuondolei ada ya kaunti. Karatasi ni mbili, na kila moja inajibu swali lake.

Utaratibu unaofaa ni kuanza makumbusho, kisha kaunti. Si suala la nani mkubwa. Makumbusho ndiyo wanaoweza kukuambia upunguze upana, ubadilishe mbao au uhamishe kibao kutoka juu ya mlango kwenda ubavuni. Ada ya kaunti kwa kawaida hufuata ukubwa na aina ya kibao. Ukilipia kwanza kibao cha mita mbili, halafu ukaambiwa kiwe cha mita moja, utarudi dirishani kuomba hesabu ifanywe upya. Ada zenyewe zimo katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hutungwa kila mwaka. Usichukue bei kwa jirani aliyelipa mwaka juzi. Omba uonyeshwe ukurasa wa mwaka huu, kisha uhakikishe risiti imetaja kibao. Risiti iliyoandikwa leseni ya biashara tu haitoshi, maana leseni na kibao mara nyingi hutozwa mbalimbali, na askari wa kaunti akija atauliza cha pili.

Kabla ya ofisi hizo mbili yuko mwenye ukuta. Hapa Lamu swali hilo lina uzito kuliko miji mingi. Nyumba nyingi ni za urithi, zina warithi waliotawanyika Mombasa, Jeddah na kwingineko, na nyingine ni wakfu. Anayepokea kodi huenda hana mamlaka ya kuruhusu nyumba itobolewe. Pata idhini ya maandishi kutoka kwa msimamizi wa mirathi au mutawali wa wakfu, itaje ukubwa wa kibao, mahali kitakapokaa, idadi ya matobo, na nani atakayerudisha ukuta katika hali yake mpangaji akihama. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau. Matokeo yake ni kuta zilizojaa misumari ya wapangaji wanne, na hakuna anayekubali kuwa ni yake.

Faili linalopita bila kurudishwa huwa jembamba. Liwe na nakala ya leseni ya biashara, idhini ya mwenye nyumba, mchoro wenye vipimo kwa sentimita, maelezo ya mbao au bati litakalotumika, rangi, na namna kibao kitakavyoshikizwa. Weka picha tatu. Ya kwanza ipigwe kwa mbali, ionyeshe uso mzima wa nyumba pamoja na jirani wa kulia na wa kushoto. Ya pili iwe ya karibu, pale pa kutoboa. Ya tatu ndiyo inayofanya kazi kubwa: kata kadibodi yenye ukubwa kamili wa kibao, mtu aishike mahali pake, piga picha. Kadibodi hiyo humaliza mabishano mengi. Mwenye duka mwenyewe mara nyingi huiona na kusema ni kubwa mno, kabla hata afisa hajasema neno.

Na kweli huwa kubwa mno. Kanuni ya waandishi wa mabango ni kwamba herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa umbali wa mita tatu hivi. Katika Usita wa Mui, barabara kuu ya ndani ya mji, hakuna anayekusoma kutoka mita 50. Mpita njia anakuona akiwa mita tano au kumi. Herufi za sentimita nane zinamtosha. Jina la maneno mawili kwa herufi hizo linaingia katika kibao cha sentimita 90 kwa 35 na nafasi ya pembeni ikabaki. Wa kando ya bahari wanaotaka kusomwa na abiria wa mashua wana haja ya herufi kubwa zaidi, ila na wao wajiulize kama abiria huyo anachagua mkahawa akiwa baharini au baada ya kushuka gatini. Tunaamini kwa dhati kwamba kibao kidogo kilichoandikwa kwa mkono mzuri humletea mwenye duka wateja zaidi kuliko bango la plastiki linalofunika nusu ya uso wa nyumba, kwa sababu wageni wanaopita hapo wamekuja kuitazama nyumba yenyewe.

Mahali pa kukiweka kuna mipaka ambayo hatuoni haja ya kuibishania. Usiguse mlango wa nakshi, fremu yake wala kizingiti chake. Usifunike madirisha wala pambo lolote la chokaa lililotokeza ukutani. Usitundike kitu chini ya wikio, kile chumba kinachovuka njia juu kikiunga nyumba mbili, kwa sababu boriti zake zinabeba mzigo mzito na hazihitaji tobo jipya. Usitoboe karibu na mahali boriti za dari zinapoingia ukutani. Maji yakifuata tobo hadi kwenye ncha ya boriti, mti unaoza ndani kwa ndani na mtu hajui mpaka dari ishuke.

Kibao kinachotokeza njiani kina hesabu yake. Pima wanaopita. Punda mwenye shogi zilizojaa mchanga au mawe anahitaji upana wa zaidi ya mita moja, na mwenye kumwongoza hatazami juu. Hamali hubeba godoro kichwani. Jeneza hupita mabegani mwa watu, tena kwa haraka, na wabebaji hupokezana njia nzima. Wakati wa Maulidi zefe hupita na bendera. Chini ya mita 2.4 kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa kibao ni kutafuta ajali, na katika kichochoro cha upana usiofika mita mbili usitokeze kabisa: bandika kibao kikiwa bapa ukutani, au kiweke ndani ya mlango ulio wazi.

Upepo nao uhesabiwe. Kibao kilicholala ukutani hausumbuki nacho sana. Kinachotokeza hupigwa ubavuni, kaskazi ikivuma kati ya Desemba na Machi, kusi ikichukua zamu kuanzia Aprili. Upepo wa kilomita 90 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia kilo 39. Chukua kibao cha sentimita 60 kwa 45: kinasukumwa kwa kilo kumi na nusu. Si nyingi, lakini nguvu hiyo iko sentimita 40 kutoka ukutani, na bati linaloushika ukutani mkono wa chuma wa kibao likiwa jembamba, skrubu zake zimeachana sentimita tano tu, skrubu ya upande mmoja inavutwa kwa zaidi ya kilo 80. Tanua bati hadi skrubu ziachane sentimita 15, na mvuto huo unashuka hadi 28 hivi. Ndiyo maana mikono inayonunuliwa tayari dukani, yenye bati la upana wa vidole viwili, hung'oka na kipande cha plasta. Mwambie mchomeaji akutengenezee bati pana.

Sasa ukuta wenyewe. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, unene wa kutoka sentimita 40 kwenda juu, na juu yake plasta ya chokaa. Plasta haibebi kitu. Skrubu iliyoingia sentimita tatu imeshika plasta peke yake, na itaanguka nayo. Tumbawe lenyewe ni laini na limejaa mapango madogo. Nanga za chuma za kutanuka, zile zinazofaa kwenye zege, hulipasua. Drili ya kugonga pia: izime nyundo, uzungushe tu, kwa kasi ndogo.

Njia tunayoipendelea kwa kibao chepesi ni ya kizamani. Tafuta kiungo cha chokaa kati ya mawe, si jiwe. Toboa tundu la kina cha sentimita nane hadi kumi, litoe vumbi kwa brashi na kwa pumzi, lilowanishe maji baridi, kisha sindika kabari ya mbao ngumu iliyozungushiwa chokaa. Iache wiki mbili, ukifunika mahali hapo kwa gunia lenye unyevu siku chache za mwanzo, kwa sababu chokaa ikikauka haraka juani inabaki unga. Baada ya hapo funga skrubu kwenye mbao. Mpangaji akihama, kabari hutolewa au hukatwa na tundu likazibwa kwa chokaa. Gundi za kemikali zinashika kwa nguvu zaidi, na kwa kibao kinachotokeza huenda zikahitajika, ziwekwe pamoja na soksi ya wavu ili gundi isimezwe na mapango. Ila fahamu kwamba hazitoki tena bila kuondoka na jiwe. Makumbusho wana sababu ya kuziuliza.

Usizibe kitu kwa saruji. Hili tunalisema kwa kila fundi na bado linafanyika. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi na kuvitoa kupitia chokaa. Kiraka cha saruji kinaziba njia hiyo, chumvi inajikusanya kando yake, na katika misimu michache plasta nzuri iliyokizunguka inapukutika huku kiraka chenyewe kikibaki kimesimama. Changanya chokaa iliyokaa ndani ya maji sehemu moja, mchanga safi sehemu tatu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na ule wa vilima vya Shela usiguswe, kwani vilima hivyo ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji matamu ya kisiwa.

Skrubu ziwe za stenlesi 316. Za kawaida zenye rangi ya dhahabu huanza kutiririsha kutu msimu wa kwanza, na mstari ule wa kahawia kwenye ukuta mweupe hautoki kwa kusugua. Ukitumia bati la alumini, weka washa za plastiki kati yake na skrubu; metali mbili tofauti zikikutana katika hewa ya chumvi, alumini inaliwa. Mbao ya mbambakofi yenye unene wa sentimita 2.5, kwa ukubwa wa sentimita 90 kwa 35 tuliotaja juu, ina uzito wa kilo sita hivi, na skrubu nne zinaibeba bila shida. Herufi zikichongwa kina cha milimita sita, jina hubaki likisomeka hata rangi ikipauka. Mafuta ya sifa yanayopakwa vyombo vya baharini yanahifadhi mbao vizuri sana, lakini harufu yake haifai mlangoni mwa mkahawa. Tumia mafuta ya kitani, rudia kila mwaka kabla ya masika. Plaiwudi iwe ile ya baharini, milimita 18, kingo zote zikiwa zimepakwa rangi mara tatu, maana maji huingilia kingo. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa, zinazouzwa kwa bei nafuu, hufura. Stika za plastiki hupoteza wekundu kwanza, kisha hujikunja pembeni.

Taa: kibao cha sanduku linalowaka ndani, na zile herufi zinazokimbia, usivilete Mji wa Kale. Taa ndogo ya mwanga wa manjano iliyofunikwa juu, ikimulika kibao kwenda chini, inatosha, na waya wake upite katika tundu lililopo tayari. Kwa wa Shela walioelekea ufukwe, mwanga usiende baharini kabisa. Makinda ya kasa hufuata mwanga na kupotea njia.

Watu hutuuliza zaidi kuhusu misamaha. Katika kanuni za mabango za miji mingi, vitu fulani huachwa nje ya ada au nje ya maombi: kibati kidogo cha jina au saa za kazi mlangoni, alama za usalama na za njia, jina la msikiti, tangazo la nyumba inayouzwa au kupangishwa, na vitambaa vya sherehe vinavyotundikwa siku chache. Waulize kaunti ni vipi kati ya hivyo wanavyoviachilia mwaka huu na kwa ukubwa gani, na wakujibu kwa maandishi. Kisha kumbuka kwamba msamaha unahusu ada na maombi ya kaunti. Haumhusu mwenye ukuta wala makumbusho. Kitambaa cha sherehe kisichotozwa chochote kikipigiliwa misumari sita kwenye plasta ya chokaa kimeharibu ukuta sawasawa na bango la biashara. Kifunge kwa kamba kwenye nondo za dirisha, na mwenye sherehe aandike siku ya kukishusha.

Kuna msamaha mmoja unaodhaniwa upo, nao haupo: kibao kilichokuwepo kabla yangu. Ruhusa hutolewa kwa kibao fulani, cha ukubwa fulani, mahali fulani. Ukibadilisha jina, ukakipanua au kukihamisha, hicho ni kingine. Kwa upande wa pili, ukikuta maandishi ya zamani yaliyoandikwa ukutani au kuchongwa juu ya mlango, usiyakwangue kabla ya makumbusho kuyatazama. Huenda wakataka yabaki, na ukaruhusiwa kuweka chako kando.

Mabango ya bure yanayoletwa na makampuni, yenye jina la bidhaa kubwa na jina la duka dogo chini, yana gharama. Kaunti nyingi huyahesabu kuwa matangazo ya bidhaa, si jina la duka, na kiwango chake huwa cha juu. Notisi ikija inaandikwa jina la mwenye duka. Kabla ya kukubali, kampuni yenyewe iombe vibali na ilipe, nawe ubaki na nakala. Na kupaka ukuta mzima rangi za kampuni kusikubaliwe hata kwa zawadi. Rangi ya mafuta au ya plastiki juu ya chokaa hufanya kile kile kinachofanywa na saruji, kwa ukubwa wa ukuta mzima. Tumbaku hata usiulize. Matangazo yake yamekatazwa na sheria ya 2007.

Kibao kinachosimama kwa nguzo na msingi wa zege ni habari nyingine. Hicho ni ujenzi, na kinaingia katika Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Sheria hiyo inasema pia kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huchukuliwa imetolewa. Wako wanaoishika kauli hiyo na kwenda nayo Mji wa Kale. Tunawasihi wasifanye hivyo: kimya cha kaunti hakiwezi kusimama mahali pa idhini ya makumbusho, ambayo ina sheria yake. Upande wa bara, katika miji ya Mokowe na Hindi, yuko pia mwenye barabara. Bango ndani ya hifadhi ya barabara kuu ya kitaifa linahitaji idhini ya mamlaka ya barabara chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, hata kama kaunti wamekwisha kupokea ada. Malindi hali ni hiyo hiyo kwenye barabara ya Mombasa.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uangalie tarehe ya barua. Rufaa ya uamuzi wa mipango hupelekwa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ndani ya siku 14, na kutoka hapo kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini kwa kibao cha duka, kupunguza sentimita 30 na kurudisha maombi karibu kila mara ni haraka kuliko rufaa. Sababu za kukataa hazizidi tano au sita: ukubwa, kufunika nakshi, mwanga, rangi kali, vibao vingi mno kwenye uso mmoja, au namna ya kukishikiza. Zote zinarekebishika mezani kwa fundi.

Mpangaji anapohama, kibao kishuke siku ile ile ya kukabidhi funguo. Toa skrubu kwa bisibisi, usizing'oe kwa nyundo. Kwangua kingo za tundu mpaka ufike plasta ngumu, lowanisha, jaza chokaa kwa tabaka za sentimita moja moja, ukingoja kila moja ishike, halafu paka chokaa ya maji mara tatu juu ya uso wote wa ukuta hadi pembe ya karibu. Ukipaka kiraka peke yake kitaonekana kwa mwaka mzima. Piga picha, mpe mwenye nyumba nakala, na uwaarifu kaunti kwa barua kwamba kibao kimeondolewa, la sivyo ada yake ya mwaka ujao itakuja kwa jina lako.